Kiraka cha Mwenyewe

Asubuhi ile Elspet Gauld alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba. Upepo wa Machi ulikuwa mkali lakini mkavu, na mwenye mashuka hawezi kuomba upepo mzuri zaidi ya huo. Nan, binti yake wa pekee, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa akimpa vibanio. Ng'ambo ya ukuta wa mawe trekta jipya la mumewe lilinguruma likienda na kurudi, na shakwe walilifuata wakigombea minyoo kwenye matuta. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Elspet aliieleza hivyo maisha yake yote kila alipoanza kusimulia habari hii kwa watu wa ukoo: siku ya kawaida, siku ya mashuka.

Kisha shakwe wakanyamaza.

Akachungulia juu ya ukuta. Ndege hawakuwa wameruka. Walikuwa wamesimama matutani, kimya, wote wakilitazama trekta. Nalo lilikuwa limeacha mstari wake na sasa linaelekea kwenye kile kipande cha nyasi katikati ya shamba ambacho hakuna Gauld aliyewahi kukilima.

Katika vilima vile vya Aberdeenshire kila shamba la zamani lilikuwa na kiraka kama hicho, kilichoachwa bila kulimwa, bila kufyekwa, bila kulishwa mnyama. Kiliitwa kiraka cha Mwenyewe, na hakuna aliyeuliza mwenyewe huyo ni nani. Kanisa liliwahi kuwakaripia mababu kwa ajili yake. Mababu waliitikia vizuri, wakarudi nyumbani, wakaendelea kukizunguka kwa plau kama kawaida. Kiraka cha shamba la Pittendall kilikuwa na jiwe katikati, refu kupita mtu, lililochongwa na watu wa kale ambao hawakuacha kitu kingine cha kusomeka. Lilikuwa na nyoka, kioo cha mkono, kitana, na chini ya hivyo mwanamke aliyesimama akitazama kando.

Murdo Gauld alikuwa tayari amelifunga mnyororo.

Baba yake alikuja mbio kutoka nyumba ndogo ya mwisho wa njia, kofia mkononi. Mzee Aeneas alikuwa amemkabidhi mwanawe shamba mwaka uliopita, na hakuwahi kupona kutokana na tendo hilo. Huko mkulima huitwa kwa jina la shamba lake. Umri wake wote mzee alikuwa Pittendall, sasa mtu akiita "Pittendall!" mnadani, anayegeuka ni kijana, na mzee anabaki ameshika fimbo yake kama mtu aliyeibiwa kanzu hadharani.

"Fungua huo mnyororo," alisema.

"Baba, nenda kanywe chai."

"Nimesema fungua."

"Umesema ukiwa nani?" Murdo hakushuka kwenye kiti cha trekta. "Pittendall ni mimi. Ulitia sahihi mwenyewe, mbele ya watu."

"Shamba nilikupa. Hicho sikukupa. Sikuwa nacho hata nikupe."

"Aa, kumbe! Basi sikiliza. Hapa kuna udongo umelala bure, na jiwe zuri la kizingiti, na ng'ombe wangu wanaingia zizini wakikanyaga tope. Huyo mwenyewe akija kulidai, mwambie apige hodi kwanza."

Mzee aligeuka akamtazama Elspet, ambaye bado alishika shuka lililolowa mikononi.

"Wewe una mtoto," alimwambia. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Jiwe halikuanguka kwa kishindo. Lilijilaza taratibu, likitangulia mnyororo, kama lililokuwa likingoja kuombwa.

Murdo alilifanya kizingiti cha zizi. Alilaza uso wa michoro chini, maana upande wa pili ulikuwa laini na mwanamume mwenye hesabu hapotezi upande laini. Kiraka akakilima, akapanda viazi. Wiki ile ng'ombe walikataa kuingia. Walisimama mlangoni wakitoa macho, maziwa yakiwadondoka. Murdo aliwapiga. Wakaanza kuingia, lakini hakuna aliyelikanyaga jiwe. Waliliruka, hata wenye mimba.

Siku moja Elspet alipoingia kukamua alikuta mikia yao imechanwa. Haikuwa na tope wala kinyesi. Singa zilikuwa zimenyooka, nyeupe, zikilala kwa mawimbi kama nywele za bibi harusi. Alidhani mumewe amewatayarisha kwa maonyesho. Murdo alidhani ni yeye.

"Una muda mwingi siku hizi, mke wangu," Murdo alisema, akicheka.

Naye Elspet akacheka. Baadaye, akiwa na ndoo mapajani, akaona kwamba ng'ombe walisimama wote wakiwa wamempa ubavu uleule, na kila mmoja alimtazama kwa jicho moja.

Kiangazi kikafika, kile cha kaskazini ambacho jua halina haraka ya kuzama. Milango ilishinda wazi. Nan alicheza uani siku nzima, na mama yake alisikia sauti yake akiongea peke yake kama waongeavyo watoto wasio na ndugu. Mchana mmoja aliingia kutafuta mkate na jibini, na Elspet akaona nywele zake. Nywele za Nan zilikuwa matata matupu, kila asubuhi zilipigana vita na kitana. Sasa zilikuwa zimegawanywa katikati kwa mstari mwembamba mno, zimelazwa huku na huku, zimebana fuvu hadi nyusi zimevutwa.

"Nani amekuchana?"

"Mama wa mlangoni."

"Mama gani? Mama Riddoch amepita hapa?"

"Si huyo. Wa zizini."

Elspet aliweka kisu mezani. "Anafananaje?"

Nan alifikiri, akitafuna. "Ana upande mmoja."

"Yaani ana jicho moja?"

"Sijui. Ana upande mmoja tu. Nikizunguka niuone mwingine, ni uleule."

"Anakuumiza?"

"Hapana. Mikono yake baridi tu." Mtoto akameza. "Anasema mimi nina pande nyingi mno."

Elspet alimkataza kukaribia zizi. Alifunga mlango kwa kamba, akaning'iniza juu yake tawi lenye matunda mekundu, kinga aliyofundishwa na mama yake. Kesho yake kamba ilikuwa kama alivyoifunga. Tawi lilikuwa limechambuliwa, majani upande huu, matunda upande ule, na Nan alikuwa amechanwa tena.

Alimweleza mumewe. Murdo alisema ni mzee amemjaza mtoto hadithi. Alikwenda kumfokea baba yake njiani, mbele ya Mama Riddoch wa shamba la jirani, na Mama Riddoch akapata la kusimulia mwezi mzima. Yeye naye alikuwa na lake. Jumapili baada ya ibada alimshika Elspet mkono.

"Samahani nikuambie, lakini huyo binti yako mmemlea vibaya. Namsalimia, hanitazami. Ananipa shavu."

"Ana haya."

"Haya gani? Nilimzunguka makusudi. Akaendelea kunipa shavu." Mama Riddoch alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeacha kumshika Elspet. "Sijui aligeuka saa ngapi."

Jumamosi iliyofuata Elspet alimwogesha Nan kwenye beseni mbele ya moto, kama desturi. Ilikuwa alasiri. Jua lilijaa jikoni. Murdo alikuwa shambani, paka amelala dirishani. Paka huyo alikuwa amemkwaruza Nan shavu la kushoto siku mbili tatu nyuma, na jeraha lilikuwa na gamba dogo jekundu. Elspet aliliosha kwa uangalifu. Akaosha sikio la kushoto. Akamshika bega amgeuze aoshe upande wa kulia.

Gamba jekundu.

Alidhani hajamgeuza. Akamgeuza tena, maji yakamwagika.

Gamba jekundu. Sikio la kushoto. Jicho moja, linamtazama kando.

Hakumgeuza mara nyingine. Alizunguka beseni yeye. Alizunguka kwa magoti juu ya mawe ya sakafu, mkono mmoja umeshika ukingo, na shavu lilizunguka naye. Mtoto hakujongea. Maji hayakutikisika. Elspet akafumba macho. Akanyoosha mkono, akapapasa: pua, mdomo, kidevu, akaupeleka mkono upande wa pili, polepole, pale ambapo shavu safi lilipaswa kuwapo.

Kidole chake kikagusa gamba.

"Mama," Nan alinong'ona, "usizunguke. Nasikia kizunguzungu."

Alimfunga kwa taulo, akakimbia naye hadi nyumba ndogo ya mwisho wa njia. Mzee Aeneas alikuwa anamenya viazi. Alimtazama mtoto mara moja, kisha akarudisha macho kwenye kisu.

"Nilisema," alisema.

"Baba, nitukane baadaye. Sasa hivi niambie la kufanya."

"Jiwe lirudi lilipokuwa. Wima. Na livutwe na farasi, si na lile dude linalonuka mafuta."

"Litarudi leo."

"Ngoja. Hilo halitoshi." Ganda la kiazi liliendelea kurefuka bila kukatika. "Kiraka kimelimwa. Kilicholimwa hakiwezi kurudishwa kisilimwe. Lazima apewe kingine. Aliyetwaa ndiye atoe, na atoe bora kuliko alichochukua. Asimame nje ya ukuta, arushe mawe ndani, aseme kwa mdomo wake kwamba plau haitaingia humo tena."

"Nitarusha mimi."

"Wewe una nini hapa cha kutoa? Ardhi si yako. Hata mimi siwezi. Nilimpa yule mpumbavu yote." Na hapo, Elspet aliapa hadi kufa, mzee alikaribia kutabasamu. "Na asimpe kile kipande cha mawe kule juu. Ampe shayiri."

Shamba la shayiri lilikuwa mbele ya nyumba, ardhi bora ya Pittendall. Elspet, Nan akiwa naye, alimkuta Murdo ukutani pake, akifikicha suke kiganjani na kulipuliza. Mwaka huo lilikuwa zuri kuliko miaka yote. Murdo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatema mate.

"Mzee anashangaza. Hakuweza kuninyang'anya shamba kwa mdomo wake, sasa anakuja kwa mdomo wa mke wangu."

"Murdo, mtazame mtoto."

"Namwona."

"Mtazame usoni."

"Na nikishayarusha hayo mawe, mnadani nitaitwaje? Pittendall anayelisha mashetani? Watanicheka hadi watoto wa shule."

"Mtazame usoni, nimesema!"

"Haya! Haya, nimtazame!" Akapiga magoti mbele ya Nan, akicheka kwa hasira, akamshika mabega. "Njoo, kipenzi, tumwonyeshe mama yako kwamba uso unao." Akamgeuza.

Akacheka tena, kidogo zaidi. Akamgeuza.

Akamgeuza.

Upepo ulipita juu ya shayiri na kuiacha. Murdo aliyaachia mabega ya bintiye, akafuta viganja kwenye suruali, akafuta tena.

"Upande wake mwingine uko wapi?" aliuliza. Alimwuliza Elspet, lakini aliyejibu ni mtoto.

"Anao yeye."

Jioni ile, jua likiwa bado juu, walimtoa jike mzee wa farasi. Mzee Aeneas alimwongoza, na mwanawe alisukuma mtaimbo chini ya kizingiti. Jiwe liliinuka kwa sauti ya kitu kinachobanduka. Chini yake udongo ulikuwa umetandikwa nywele. Nyingi zilikuwa singa nyeupe za ng'ombe. Katikati yake palikuwa na duara la nywele laini, rangi ya majani makavu, zimeviringwa kwa mpangilio kama za mtu atakayezihitaji tena.

Walipolilaza kwenye sileji, lile gari la kuburuzwa lisilo na magurudumu, uso wa michoro ulielekea juu.

Nyoka alikuwapo. Kioo na kitana vilikuwapo. Lakini mwanamke hakuwa anatazama kando. Alikuwa ametazama mbele, uso mzima, na mikato ya patasi ilikuwa imelika kwa mvua za karne nyingi kama mikato mingine yote. Macho yake yalikuwa mawili. Moja kubwa. Moja dogo.

Elspet alivua aproni yake, akaufunika uso ule, na aproni ikakaa juu yake safari yote ingawa upepo ulikuwapo.

Walilisimamisha katikati ya viazi. Kisha Murdo alikwenda kwenye ukuta wa shayiri na mawe mfukoni. Baba yake alisimama nyuma yake akimtajia maneno, naye akayarudia kama mtoto mbele ya mwalimu anayemchukia.

"Hiki ni chako."

"Hiki ni chako."

"Plau haitaingia, wala mundu, wala jino la mnyama."

"Plau haitaingia. Wala mundu." Akaitazama shayiri yake. "Wala jino la mnyama."

Akarusha. Jiwe lilipanda, likapita juu ya masuke, likashuka. Walisubiri kulisikia likianguka. Hawakulisikia. Akarusha jingine. Halikutoa sauti. Alirusha hadi mfuko ukawa mtupu, na shayiri iliyapokea yote bila kutikisa suke hata moja.

Ndipo Nan akalia. Alilia kwa kelele, kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka na mwenye njaa. Elspet alimgeuza. Shavu moja lilikuwa na gamba jekundu, na la pili lilikuwa safi, limelowa machozi, baridi mno. Alilishikilia shavu hilo kwa kiganja chake hadi wakafika nyumbani. Asubuhi alikwenda peke yake kwenye jiwe kuchukua aproni. Mwanamke alikuwa anatazama kando.

Nan alikua, mzima wa mwili na akili. Lakini Murdo hakumpakata tena. Shayiri ilikauka ikiwa imesimama, ikawa nyeusi, ikalala, ikaoza, naye aliitazama kutoka meza yake ya chakula kila siku ya vuli ile. Siku moja Mzee Aeneas alikuja ukutani, akaegemea fimbo, akatazama uozo ule kwa muda mrefu.

"Furahi, Baba," Murdo alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Furahi vizuri. Umelipata."

"Si mimi niliyelipata," mzee alisema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho. Mzee alipozikwa, Murdo alishika kamba ya kushushia jeneza iliyomhusu kama mwana, akalishusha, akaondoka kabla ya dua. Kwa mkewe alibaki na neno moja, alilolitoa kila mwaka mavuno yalipokuwa haba: "Mwulize binti yako shayiri iko wapi." Nan alilisikia kila mara. Alipopata mchumba kutoka Buckie, mji wa wavuvi kule kaskazini, aliolewa kwa haraka, na hakurudi kulala Pittendall hata usiku mmoja.

Shamba lile la shayiri halijalimwa hadi leo. Nyasi ndefu zimelimeza, na waliolirithi wanalizunguka. Kila kiangazi, katikati ya Julai, asubuhi isiyo na upepo, nyasi zile hukutwa zimelala, nusu upande huu na nusu upande ule, na katikati mstari mwembamba ulionyooka. Nan alipokuwa msichana mstari ule ulielekea mlango wa jikoni. Mwaka alioolewa ulihama. Mtu mmoja wa upimaji aliweka dira yake juu ya ukuta kwa utani, akakuta umeelekea Buckie, akafunga dira akaenda zake. Waliokuja kutoka chuo kikuu walisema ni maji ya chini ya ardhi.

Nan Gauld alifariki kule Buckie majira ya baridi ya mwaka juzi, bibi kizee, kitandani pake, na wanawe walimleta kumzika karibu na mama yake. Julai iliyofuata wenye shamba walitupigia simu sisi wengine wa ukoo, wakatuomba tuje tutazame kabla ya upepo kuamka.

Mistari ilikuwa miwili. Ilikwenda sambamba kutoka ukutani hadi katikati ya shamba, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Ule mpana ulikuwa umenyooka kama uzi. Ule mwembamba ulipinda hapa na pale, kama wa mtoto asiyetulia akichanwa.